Klachi Nyepesi

Kabla mkono haujamgeuka, mtaa mzima ulimwita Fundi Funguo, na waliomjua kwa jina jingine walikuwa wamehama au wamekufa. Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na duka la madaftari, kipana kama kabati la nguo. Ukutani zilining'inia funguo ambazo hazijachongwa, na kila lori lilipopita barabarani zililia zote kwa pamoja, kidogo tu, kama vijiko kwenye droo. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini utani hakuukosa. Mteja akimwuliza kama kweli anaweza kufungua mlango wowote, alijibu bila kuinua macho, "Wowote, isipokuwa wa mama mkwe."

Kazi yenyewe ilikuwa ya vidole. Ndani ya kitasa kuna vijipini vidogo kama punje za mchele, na springi nyembamba ambazo mtu asiye na miwani hazioni vizuri. Yeye alizipanga moja moja huku akipiga soga na kinyozi kupitia ukuta wa mbao.

Shida ilianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kilianza kucheza peke yake, taratibu, kama kinachoviringisha punje ya mchanga. Alikitazama, kikatulia. Aliporudi kwenye kazi kikaanza tena. Kwa muda mrefu alikifanya mzaha, akawa anaukalia mkono huo wakati wa kunywa chai. Baadaye springi zikaanza kumponyoka, akawa anapiga magoti sakafuni na sumaku kuzitafuta. Wateja walimwambia, "Fundi, punguza kahawa," naye akacheka pamoja nao.

Siku aliyofunga kibanda ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu alijifungia nje ya nyumba yake, jiko likiwaka ndani. Fundi alikwenda na vifaa vyake, akainama kwenye kitasa, majirani wakasimama nyuma yake wakisubiri kama walivyozoea, maana kwa kawaida asingemaliza hata pumzi tatu. Mkono ulitetemeka, kichokoo, ule waya wa kufungulia, kikakatikia ndani ya kitasa. Ikabidi mlango uvunjwe kwa nyundo. Mwalimu yule hakukasirika. Alimshika bega akamwambia, "Si kitu, fundi. Uzee unatufikia sote." Fundi hakuwa mzee. Angalau mwalimu angemtukana, alimwambia mkewe baadaye, angalau angepiga kelele kidogo.

Daktari alimtembeza kwenye korido, akamwambia agonganishe vidole, akampa karatasi aandike sentensi yoyote. Fundi aliandika, na herufi zikaanza kubwa zikaishia ndogo, kama siafu wanaoingia shimoni.

"Ugonjwa huu hauponi," daktari alisema. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuchagua maneno. "Dawa zitakusaidia kwa muda. Utakwenda polepole, lakini utakwenda. Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa nao? Mara nyingi hauna ukoo, ila zipo familia ambamo unarithiwa."

"Hakuna," Fundi alijibu bila kufikiri. Mama yake alitetemeka sana miaka ya mwisho, lakini alikuwa mzee, na wazee hutetemeka.

Basi akakaa nyumbani. Mkewe alikuwa mpishi wa bweni la wanafunzi, akitoka asubuhi na kurudi jioni, na kila jioni alikuta kitu kimehamishwa. Fundi alipanga upya makabati. Alikaza miguu ya viti ambayo haikulegea. Alitia mafuta bawaba za nyumba nzima.

"Baba wewe," mkewe alisema siku moja, ameshika kikombe mbali na pua, "umetia mafuta mpaka kabati la vyombo. Chai yangu inanuka grisi. Nenda gereji. Huko chuma kipo tele, kitie mafuta mpaka uchoke."

Nyumba ile ilikuwa ya mama yake. Baba yake ndiye aliyejenga gereji ubavuni, akitarajia gari. Gari halikuja, na yeye mwenyewe akafa mapema. Kilichoingia humo ni vitu vilivyokosa pa kukaa: kitanda cha chuma bila chaga, cherehani isiyo na gurudumu, mapipa ya rangi iliyokauka. Na kwenye kona ya ndani, chini ya turubai, pikipiki ya mama.

Mama yake alikuwa mtaalamu wa mifugo. Alizunguka mashambani akipandikiza ng'ombe mbegu, amefunga nyuma ya pikipiki mtungi wa baridi kali uliotoa moshi mweupe kila ulipofunguliwa. Watu walimwita Bibi Mitamba. Wafugaji waliusikia mngurumo wake tangu mbali, wakaambiana, "Fungeni ng'ombe, dume linakuja na pikipiki." Alivaa koti refu la kaki, na akishateremka mkono mmoja ulikuwa mfukoni daima. Watu walisema anaringa. Hata mwanawe aliamini hivyo, na alijivunia kuwa na mama anayeringa. Siku moja, miaka mingi kabla ya kustaafu, alirudi mchana, akaingiza pikipiki gereji, akasema, "Vumbi limenitosha." Hakuipanda tena. Aliomba kazi ya ofisini, akapewa.

Fundi alilivuta turubai akapiga chafya. Matairi yalikuwa yamekufa. Panya walizaa ndani ya kiti. Kutu ilikuwa imeila ekzosi mpaka ukiigusa inamwagika kama majani ya chai. Lakini alipoitazama alipata kitu ambacho hakuwa nacho tangu siku ya ule mlango: alitamani kushika spana. Kitasa kina vidude vya kuponyoka, alijiambia, lakini pikipiki ina nati za kushikwa na mkono mzima. Hata mkono mbovu unaweza kushika nati.

Jioni ile alizungumza na mkewe mpaka chakula kikapoa. Angeifungua yote. Angeirudisha ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, kila kitu mahali pake.

"Halafu?" mkewe aliuliza.

"Halafu nitaipanda."

Mkewe alimsogezea bakuli la mboga upande wa mkono mzima.

Jirani yao, dereva mstaafu wa mabasi ambaye kila mtu alimwita Dereva hata kama sasa hakuwa na hata toroli, alikuja kuangalia. Aliizunguka pikipiki mara kadhaa, mikono nyuma, kama mtu anayekagua maiti.

"Hii," alisema, "hata mwenyewe aliyeitengeneza angeomba radhi."

"Injini inazunguka."

"Injini inazunguka, ndiyo. Hata mimi nazunguka. Lakini uniambie nipande mlima uone."

Hata hivyo alirudi kesho yake na boksi la spana. Alimwachia Fundi kazi zenyewe, yeye akashika upande wa pili tu wa kila kitu kilichohitaji mikono miwili, bila kutaja sababu. Fundi aliliona hilo, na alimshukuru kwa kutolisema.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Dawa ilipokuwa imeshika, mkono ulitulia, na Fundi aliujua wakati huo akautumia. Alisugua tangi kwa msasa. Alifungua kabureta akaichemsha kwenye sufuria ambayo mkewe aliibatiza rasmi jina la "sufuria ya marehemu". Kisha akafika kwenye usukani.

Mkono wa kushoto wa usukani ulikuwa umefungwa vipande vya mpira wa tyubu, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama muwa. Liva ya klachi ilikuwa imepinda kuelekea ndani. Na pembeni kulikuwa na kitanzi cha ngozi kilichopigiliwa kwa ribiti kwenye kibati kidogo.

"Mama yako aligonga ukuta?" Dereva aliuliza.

"Labda."

Fundi alichana mpira wote kwa kisu akautupa kwenye pipa. Aliipasha liva moto, akainyoosha mpaka ikawa sawa na ya kiwandani. Kibati chenye kitanzi alikitoboa ribiti, kikaanguka. Alifanya kazi hiyo akipiga mluzi.

Baada ya hapo walifungua klachi. Dereva ndiye aliyetoa kifuniko, na Fundi, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya springi, ndiye aliyeona kwanza. Nafasi zilikuwa sita. Springi zilikuwa nne. Mbili zilizokosekana hazikuvunjika, maana hakukuwa na kipande chochote kwenye mafuta, na nafasi zake zilikabiliana sawasawa. Mtu alizitoa kwa makusudi, na alijua anachofanya.

"Nani atoe springi kwenye klachi?" aliuliza.

Dereva alikuna kidevu. "Hii inasaidia kitu kimoja tu. Klachi inakuwa nyepesi. Unaibana kwa vidole viwili. Lakini pikipiki inakosa nguvu, mlimani inalia tu haiendi. Tulikuwa na dereva mmoja aliyevunjika kiwiko, alifanyiwa kitu kama hicho kwenye basi dogo. Mtu mwenye mkono mzima haombi hivi."

Alimwangalia Fundi, akaangalia mkono wa Fundi, akajifanya anatafuta kitambaa.

Dereva alipoondoka, Fundi alikwenda kwenye pipa akautoa ule mpira. Aliukunjua mezani, tabaka moja moja. La juu lilikuwa laini bado. La katikati lilikuwa limepasuka. La chini kabisa lilikuwa gumu kama ganda, na ukingoni lilikuwa na rangi ya kijani. Alichukua kibati chenye kitanzi akakigeuza. Hapo ribiti ilikuwa imepigiliwa juu ya rangi ile ile ya kijani.

Aliikumbuka rangi hiyo. Ofisi ya mama iliagiza pikipiki zake zote zipakwe kijani, na mama alirudi na kopo nyumbani wakaipaka wenyewe, humu humu gereji. Yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Alitaka kufungua usukani ili apake vizuri, na mama alimkataza. "Usifungue kitu. Paka juu kwa juu." Aliona ni uvivu, maana mama hakuwa mtu wa juu kwa juu.

Kwa hiyo mpira wa kwanza ulikuwepo tayari. Mama alikuwa mdogo kuliko yeye alivyo sasa. Alikwenda mashambani kila siku na mkono ule, akaingiza mkono mwingine ndani ya ng'ombe, akarudi, akampikia. Ukizidi, anaongeza mpira. Ukizidi tena, anapinda liva. Aliongeza kitanzi cha kuushika mkono usiruke. Mwisho akampata fundi wa kutoa springi, na hiyo ilipokuwa haitoshi tena akasema vumbi limemtosha. Yote yalikuwa hapo mezani, yamepangwa kwa mfuatano, na Fundi aliyasoma kama mtu anayesomewa njia atakayopita.

Mkewe alimkuta amekaa vile vile, chai haijaguswa.

"Mama alikuwa nao," alimwambia. "Huu huu. Alikuwa nao tangu mimi niko shule."

Mkewe alivuta kigoda akaketi. Akasema polepole, "Nilipoolewa hapa aliniomba nimbadilishie vifungo vya magauni yote. Alitaka niweke vya kubana. Nikafikiri ni mitindo. Nikamcheka, nikamwambia mama mkwe anataka kurudi usichana."

"Akasemaje?"

"Alicheka na yeye."

Wakaangaliana.

Angeweza kuiacha kazi hapo. Dereva mwenyewe alidhani ataacha, na alikaa siku kadhaa bila kuja. Lakini Fundi aliendelea, kwa ukaidi zaidi kuliko furaha. Alinunua springi mpya akazitia zote sita. Alitia mnyororo mpya, matairi mapya, akashonewa kiti. Mluzi uliisha. Alipoulizwa kwa nini asirudishe vile mama alivyofanya, alisema, "Mimi si mama." Alijikaza kisabuni, kama watu wanavyosema, na kadiri pikipiki ilivyopata nafuu ndivyo yeye alivyozidi kulegea. Muda ambao dawa ilimshika ulifupika. Hatua zake zilikuwa fupi sasa, na uso wake ulianza kukosa utani hata pale mdomo ulipoutamka, kiasi kwamba watu hawakujua wacheke au la.

Injini iliwaka siku ya mapumziko, majirani wakatoka nje kwa sababu ya moshi. Iliwaka kwa kiki ya kwanza ya Dereva. Ilinguruma vizuri, bila kukohoa, na mwanamke mmoja mzee ng'ambo ya barabara alishika kichwa akasema, "Bibi Mitamba huyo!" Fundi alisikia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uso wake ulifunguka.

"Niachieni," alisema.

Mkewe alimwambia Dereva amzuie. Dereva alimwangalia, akashindwa.

Alikaa kwenye kiti, akabana klachi. Ilikuwa ngumu kama alivyotaka iwe, na liva ilikuwa mbali. Vidole viliifikia kwa ncha. Akatia gia. Alijua kwamba sasa anatakiwa kuiachia polepole, na mkono ulijua pia, lakini mkono ulikaza ukagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Halafu uliachia wote kwa mara moja. Pikipiki iliruka mbele, ikapita mbele ya Dereva, ikagonga lango la nyumba ya kinyozi, aliyekaa jirani nao, ikalala. Fundi akalala nayo.

Hakuvunjika kitu. Alichubuka goti na kiwiko, basi. Dereva alizima injini, mkewe akamnyanyua kwa kwapa, na kinyozi akasema lango lenyewe lilihitaji kunyooshwa siku nyingi. Waliisukuma pikipiki kurudi gereji, watu watatu, Fundi akiwafuata nyuma kwa zile hatua fupi. Alipofika mlangoni miguu ilikwama kabisa, kama imegundishwa. Ikabidi mkewe arudi amwekee mguu wake mbele yake auruke, kama daktari alivyowafundisha. Majirani walikuwa bado nje.

Mtoto wao alikuwa mmoja, binti mtu mzima aliyefanya kazi kwenye duka la miwani upande wa pili wa mji. Alikaza skrubu ambazo ukizipulizia zinaruka. Kazi hiyo alijifunzia kibandani kwa baba yake, amekaa juu ya ndoo, akimpangia springi. Aliposikia habari za lango alikuja na begi lake la vifaa, akaenda moja kwa moja gereji, na Fundi akamfuata.

Liva ilikuwa imepinda tena kwa ile ajali. Binti alitaka kuinyoosha.

"Iache hivyo, mama," Fundi alisema. Alimwita mama siku zote, kama wanaume wengi wanavyowaita mabinti zao. "Ilikuwa hivyo."

"Ilikuwa imepinda?"

"Bibi yako aliipinda."

Binti aliona vipande vya mpira mezani. Hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alikichukua kile cha chini, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ile rangi ya kijani.

"Baba. Bibi naye alikuwa hivi?"

"Naye."

"Alianza lini?"

Fundi aliutazama mlango. "Uzeeni," alisema. "Uzeeni sana."

Binti hakumbishia. Alikishika kile kipande kwa muda, kisha akakiweka chini pale pale alipokitoa, sawa na kilivyokuwa. Alichukua mpira mpya akaanza kuufunga kwenye usukani, mzunguko kwa mzunguko, akiuvuta kwa nguvu, akibonyeza kila ukingo kwa kidole gumba. Alifanya vizuri sana. Baba yake alikuwa amemsogelea bila kujua.

"Unaniangalia nini, Baba?"

"Naangalia mpira."

Tangu hapo hakuipanda tena. Kibandani kwake sasa kuna kijana anayeuza makava ya simu. Fundi hawezi tena kufunga shati, na mkewe amekwisha kumshonea vifungo vya kubana kwenye mashati yote. Dereva huja jioni kumsomea gazeti.

Binti huja kila mwisho wa wiki. Huiwasha pikipiki na kuiacha ingurume kidogo ili injini isigande, kwa sababu hakuna anayetaka kuiuza na hakuna wa kuipanda. Fundi huketi kwenye ngazi ya jikoni, mikono yote miwili ameibana katikati ya magoti. Haisikilizi injini. Anamtazama binti yake anavyofungua koki ya petroli, anavyosafisha plagi, anavyoshika nati ndogo kwa ncha za vidole. Mpaka sasa hajaona dalili, na kila binti akija anaangalia upya.

Juzi binti aliangusha spana. Ni spana tu, mtu yeyote huangusha spana. Aliiokota, akaifuta kwenye suruali, akaendelea na kazi. Fundi aliinuka kwa taabu akaingia ndani.